Kufokafoka kwa Noti za Kwaya

Baba yangu alirudi kutoka kwenye migodi ya shaba, ng'ambo huko Zambia, na jozi moja ya viatu vyeusi vya ngozi. Wenzake walirudi na baiskeli, mmoja na cherehani. Yeye viatu. Mama alimnunia wiki nzima, maana alikuwa ameahidiwa blanketi, na kwetu Mbebe, milimani Ileje, baridi si ya mchezo. Lakini ukiacha vya mwalimu na vya mchungaji, hapakuwa na viatu vingine vya ngozi kijijini, na haukupita mwezi vikawa mali ya watu wote. Kila aliyetaka kuoa alikuja kuviazima. Tulikuwa tunajua harusi imekaribia kwa kumwona mtu anaingia uani na kuku kwapani, akitazama miguu yake.

Tabu ni kwamba baba alikuwa na mguu mdogo. Mabwana harusi wa Mbebe, watu wa kupanda na kushuka milima na mizigo kichwani, miguu yao ilikuwa kama majembe. Walivivaa hivyo hivyo. Jirani yetu mmoja, jitu la mtu, aliingia kanisani na viatu vile akitembea kama anakanyaga mayai, na watu wakanong'ona kwamba ametulia, ndoa imemwingia. Kumbe ni maumivu. Hata maswali ya mchungaji aliyajibu kwa kuguna. Tulipotoka nje akavivua pale pale mlangoni, akamkabidhi baba, akaenda peku mpaka kwa wakwe zake, anacheza njia nzima. Baba akasema, "Sasa ndiyo ameoa."

Viatu sivyo nilivyotaka kusimulia, lakini nikimtaja baba huwa siwezi kuviruka. Nilichotaka kusema ni kwamba ndani ya kiatu cha kushoto alikuwa amesweka redio ndogo, imefungwa kwenye soksi, na ilikuwa imekufa njiani. Akaitupa juu ya dari jikoni. Mimi niliiteremsha, nikaifungua kwa kisu cha mama cha kumenyea viazi, nikaona waya mmoja umeachia. Nikaufunga kwa uzi. Redio ikaongea Kibemba, maana ndicho ilichozoea, na baba akanitazama kama vile mimi ndiye niliyeongea. Shule niliachia darasa la nne. Kusoma nasoma, polepole, kwa kidole. Lakini nyaya nilizijua kuliko watu waliosoma.

Ndivyo nilivyofika Tunduma. Biashara ilipofunguliwa na vitu vikaanza kumiminika, kila mtu akawa na redio kaseti, na kila redio kaseti ilikuwa inakula kanda. Nikafungua kibanda changu karibu na pale malori yanapoegeshwa kungoja kuvuka boda. Nilitengeneza redio, baadaye deki za video, baadaye televisheni. Nilikuwa natengeneza na spika za kanisa letu, na nisikudanganye, uzee wa kanisa nilipewa kwa sababu ya zile spika. Mzee mwingine alipewa kwa sababu ya maombi yake. Mimi kwa sababu Jumapili nisipokuwepo mahubiri hayasikiki.

Dada yangu, anayenifuata kuzaliwa, alikuwa anauza maharage sokoni. Mume wake alifariki mapema, akabaki na mtoto mmoja wa kiume. Mwaka ninaousimulia, huyo mpwa wangu alikuwa amekwisha kuwa mwanamume wa miaka ishirini na ushei, anafanya kazi ya kufunga maturubai kwenye malori. Sisi wawili tuliitana mjomba, mimi kwake na yeye kwangu, kama ilivyo desturi. Alikuwa na kicheko cha ghafla, na alikuwa na mikono isiyotulia. Nilimpenda sana. Naandika hivyo mapema usije ukadhani vingine huko mbele.

Siku hizo vibanda vya video vilikuwa vimejaa mji mzima, na vijana wa maturubai wakitoka kazini ndiko walikoshinda. Wakawa wanawatazama weusi wa Amerika wanaimba kwa kufokafoka, minyororo shingoni, magari yanaruka kama vyura. Haikupita muda suruali zikashuka makalioni. Kofia zikageuzwa kisogoni. Na mwendo. Nilimwona mpwa wangu anakuja kibandani, mguu mmoja anauburuta, bega moja limelala.

Nikamuuliza, "Mjomba, umechomwa na mwiba?"

"Hapana, mjomba. Ndiyo mwendo."

"Mwendo wa wapi?"

"Wa mbele, Amerika."

"Basi utafika umechelewa."

Akacheka mpaka akakaa chini. Lakini mama yake hakucheka. Kijana alikuwa ameacha kuja kanisani mwaka wa pili huo, na dada yangu kila Jumapili alitoa maombi yale yale, kijana wangu arudi, kijana wangu arudi, mpaka mchungaji akawa anayajua kwa moyo.

Kilichomrudisha kilitoka huko huko tulikokuwa tunakulaani. Dereva mmoja wa ng'ambo alileta kwangu redio ya lori lake, na ndani ilikuwa imekwama sidii. Nikaitoa, nikaijaribu kwenye mashine yangu. Ilikuwa ya kufokafoka, Kiingereza kitupu, mimi sikuelewa kitu. Mpwa wangu alikuwa amekaa pale anakula muhogo. Akaacha kutafuna.

"Mjomba, huyu anamwimba Yesu."

"Kwa ugomvi huo?"

"Sikiliza. Yesu huyo, tena. Umesikia?"

Nikasikia kweli, Jizasi, Jizasi, katikati ya makelele. Dereva akasema wapo wengi wa aina hiyo, weusi watupu, waliacha mambo ya bastola wakaokoka, ila hawakuacha kufoka. Mpwa wangu aliomba ile sidii akapewa. Akaisikiliza mwezi mzima. Siku moja akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema, "Mjomba, hawa babu zao waliuzwa. Hawakuwa wanapewa nafasi ya kusema. Sasa wakiipata hata dakika moja, wanasema yote humo humo."

"Nani kakwambia?"

"Nimefikiria mwenyewe."

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani, suruali imepanda mpaka kiunoni. Dada yangu alilia kuanzia wimbo wa kwanza mpaka matangazo.

Akatunga wimbo wake. Aliutunga juu ya malori, akiwa anafunga kamba, na kwa mara ya kwanza aliuchana, ndivyo wao wanavyoita kufoka, kibandani kwangu, mikono inakata hewa, wateja wawili wamesimama wanasikiliza. Ulianza hivi:

Nimeona madereva wamepanga foleni,
Wiki ya pili sasa wanalala garini,
Na mimi roho yangu imekwama njiani,
Nani atanigongea muhuri niingie nyumbani?

Mteja mmoja, mfanyabiashara wa vitenge, Mwislamu kutoka Kigoma, akasema, "Kijana, huo wimbo hata mimi umenigusa, na mimi si wa kwenu." Mpwa wangu akasema anataka kuuimba siku ya sikukuu ya mavuno, mbele ya mama yake. Na akaniambia jambo lingine, kwa sauti ya chini. Kulikuwa na jamaa wa upande wa Nakonde, ng'ambo ya boda, wenye ukumbi wa muziki, walikuwa wamemwita akafokefoke huko, nyimbo zile nyingine, za minyororo. Alikuwa hajawajibu. "Nikiimba hapa," alisema, "nitakuwa nimejua pa kusimama."

Sasa kanisani kwetu ilikuwepo sheria moja, na usicheke. Wimbo mpya hauimbwi mpaka uandikwe noti za do-re-mi, mwalimu wa kwaya authibitishe, halafu baraza la wazee liusikie. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mtu safi kabisa, mnyoofu, aliyeamini kwamba hata mbinguni ubao wa noti upo. Alimwita mpwa wangu mbele ya baraza, akashika chaki.

"Imba nikuandikie."

Mpwa wangu akachana. Mwalimu akaandika do. Akaandika do nyingine. Akaandika do mpaka mwisho wa ubao, akarudi mstari wa pili, do do do do, chaki ikakatika.

"Unapanda lini?" akamuuliza.

"Sipandi, mwalimu."

"Hata kwenye kiitikio?"

"Pale naongeza kasi tu."

Mimi nilijifanya nakohoa. Mzee mwenyekiti wetu, ambaye kwa kweli alikuwa anampenda kila kijana aliyewahi kubatizwa pale, akamwambia aseme maneno polepole, bila kuimba, mikono chini. Akayasema. Mwenyekiti akavua miwani.

"Maneno hayana kosa hata moja," akasema. "Kosa ni mikono. Hiyo mikono inatukana. Tumeiona kwenye televisheni, tunaijua."

"Mikono ndiyo inashika mdundo, baba," mpwa wangu akasema.

"Ngoma inashikwa na mpiga ngoma."

Wakanigeukia mimi, kwa kuwa ni mjomba wake na ni mzee wa kanisa. Ninaandika sasa na mvi zangu, sina wa kumwogopa. Ningeweza kusema aachwe aimbe alivyotunga. Mwenyekiti alikuwa ameshalainika, nilimwona. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini niliuogopa uzee wangu wa spika, na zaidi ya hapo nilidhani nina akili. Nikasema, aimbe, ila asimame wima, avae koti langu la suti, na kwaya imsindikize kwa sauti nne. Hivyo kila mtu atapata chake. Wazee wakafurahi sana. Mmoja akanipiga begani.

Mpwa wangu alinitazama. Kisha akasema, "Sawa, mjomba. Kwa ajili ya mama."

Mwalimu wa kwaya alijitahidi jamani. Maneno yalikuwa mengi kuliko noti, akayavuta. Maa-dee-ree-vaa. Foo-lee-nii. Akina mama wa sauti ya kwanza waliupenda, wakasema sasa unafanana na wimbo. Mazoezini mpwa wangu alisimama katikati yao kama mlingoti, mikono imebanwa kwenye mapaja, na nilipomuuliza kama anaendelea vizuri alisema, "Koti linabana kwapani."

"Litalegea," nikamwambia.

Siku ya mavuno kanisa lilijaa. Mbele madhabahuni yalipangwa magunia ya mahindi, maharage, ndizi, kahawa ya Mbozi kwenye madebe, maboga, na majogoo wamefungwa miguu wakiwika katikati ya sala. Dada yangu alikaa benchi la mbele, na kitenge kipya. Na nyuma kabisa waliingia vijana wa maturubai, kama saba au wanane, kofia mkononi, walikuja kumsikia mwenzao. Baadhi yao ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga kanisa lolote. Walikaa kwa adabu iliyonitia aibu.

Nikawasha spika. Mpwa wangu akatoka na lile koti. Mikono ya koti iliishia juu ya vifundo, maana yeye ni mrefu. Kwaya ikaanza kumsindikiza kwa uuu, naye akaanza, polepole, kwa zile noti. Nimeo-onaa. Nilikuwa nimekaa pembeni kwenye vitufe vya sauti, nikatazama nyuma. Wale vijana mwanzoni walinyoosha shingo. Wakatazamana. Kisha mmoja mmoja wakainamisha vichwa, kama watu waliomkuta rafiki yao anaoga. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Waumini wetu walikuwa wanatabasamu, na mwenyekiti anatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nikaona kidole kimoja cha mpwa wangu, cha shahada, kinagonga paja. Kinagonga mdundo wake wa zamani, kwa haraka, mbali kabisa na kwaya.

Alifika pale pa kuuliza nani atanigongea muhuri. Akanyamaza.

Kwaya haikunyamaza. Kwaya yetu ikishaanza huisimamishi, iliendelea na sauti zake nne mpaka kiitikio, bila yeye. Alivua koti. Halikutupwa, nataka hilo lijulikane. Alilikunja vizuri, bega kwa bega, kama mama yake alivyomfundisha kukunja nguo, akaliweka mbele, juu ya gunia la maharage la dada yangu. Na kwa kuwa liliwekwa pale, mchana walipofanya mnada wa mavuno lilinadiwa pamoja na maboga, mnadi akisema koti zuri, la mtu wa Mungu, na nikalinunua mwenyewe, watu wakicheka kwa upendo. Ninalo bado. Kwapani halijalegea.

Lakini hiyo ni mchana. Saa ile alipoliweka, alipita mbele ya mama yake, akainama, akamshika mkono, akasema kitu. Dada yangu hajaniambia ni nini mpaka leo, na simuulizi. Kisha akaja kwenye mlango wa pembeni, nilipokuwa nimekaa mimi. Nilidhani atanipita.

"Mjomba," akasema, "spika ziko vizuri."

"Mjomba, ngoja kidogo."

"Endelea na kazi, mjomba."

Akatoka. Kwenye dirisha lililo karibu na spika naiona barabara kuu yote, mpaka boda. Nikamwona anashuka katikati ya foleni ya malori, shati jeupe, na mikono ikaanza kutembea, kwanza mmoja, halafu yote miwili, inakata hewa. Ule mwendo wa mwiba ukamrudia. Dereva mmoja akampungia, naye akampungia. Akapita lori la kwanza, la pili, moja lililobeba shaba likamkinga nisimwone, na lilipojisogeza mbele hatua chache palikuwa na barabara tupu. Hakurudi.