Muheme Inasubiri Presha Ishuke

Nilichokiona kwanza kwa Mama Evarista ni vidole vyake. Vilipiga muheme, ile ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huibana mapajani, juu ya kitu chochote kilichokuwa karibu: ndoo, mlango, hata bega la mgeni. Miguu niliiona baadaye. Jioni ilivimba hadi kandambili zikaacha alama.

Nilipanga chumba kwake Nkuhungu mwaka jana, 1995, nilipoanza kufundisha. Daktari alikuwa amekwisha kumweleza kwamba figo zake zimedhoofika. Mkojo ulikuwa na protini na presha ilikuwa juu. Kilichomtia wasiwasi zaidi daktari ni moyo, kwani picha ilionyesha umeanza kutanuka. Wagonjwa wengi wa figo, alisema, huangushwa na moyo. Akampa dawa, akamkataza chumvi. Akamkataza na ngoma, mpaka presha ishuke.

Kanisa jipya la kwao Chamwino lilikuwa linaezekwa, na siku ya kuliweka wakfu wote walimtarajia yeye aongoze wapigaji.

Chumvi aliiacha kweli. Mumewe, Mzee Yoramu, alinung'unika kila mlo.

"Mke wangu, hata ng'ombe hulambishwa chumvi."

"Basi nenda zizini, watakukaribisha."

Presha haikushuka. Akawa hatulii: anakaa, anainuka, anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Mwezi uliopita nilimsindikiza kliniki. Nesi Gladness alipima, akapima tena, kisha akamuuliza jana alikula nini.

"Ugali na mlenda."

"Mlenda uliupikaje, mama?"

"Kama kawaida. Magadi kidogo, uteleze."

Nesi akaweka kalamu chini. "Mama, magadi nayo yanapandisha presha, sawa na chumvi."

"Mliniambia chumvi. Magadi hamkuyataja."

Sasa kopo la magadi liko kwa jirani, na asubuhi miguu yake inaingia kwenye viatu vya kanisani. Atapimwa Ijumaa. Kanisa litawekwa wakfu Jumapili.

Leo, Jumatano, ameitoa muheme juani ngozi ikaze.

"Hiyo haipandi gari kabla ya Ijumaa," amesema Mzee Yoramu.

"Nani amesema gari? Naianika tu."

Ameketi kando ya ngoma, vidole vimetua juu ya ngozi. Havipigi. Kila baada ya muda ananiuliza kliniki hufunguliwa saa ngapi.