Mawe Nyuma ya Jiko

Nilitumwa kuchunguza kama mradi wa kurekebisha watoto waliopitia mahakamani unafanya kazi. Bosi wangu, pale Homa Bay, alitaka jibu la ndiyo au la. Mimi nina hasira za karibu, na maswali ya namna hiyo hunichefua.

Kule Uriri nilimtembelea kijana aliyewahi kupelekwa shule ya kurekebisha tabia kwa kumwiba ng'ombe wa baba yake na kumuuza sokoni Rangwe. Alirudi na ufundi wa uashi, na tangu hapo hajagusa cha mtu. Mama yake alimsifu mpaka chai ikachemka ikamwagikia moto. Nilifurahi, nikaaga.

Karibu na lango niliona nyumba mpya ya mabati. Kwetu Wajaluo, mvulana akikua, baba humwonyesha mahali pa kujenga simba, nyumba yake ya ujana ndani ya boma. Kifungua mimba ndiye huanza. Mdogo hamruki mkubwa wake. Kijana huyu ndiye kifungua mimba.

"Hii simba ni yako?" nilimuuliza.

"Ni ya mdogo wangu, madam. Ni mimi nilimjengea."

"Na wewe unalala wapi?"

"Jikoni kwa mama."

Niliumia moyoni. Mwanamume mzima kulala jikoni kwa mama yake, na mdogo wake ana simba, ni kuambiwa mchana kweupe kwamba hahesabiki. Nilimfuata baba yake zizini, adabu zote zimenitoka.

"Mzee, huyu mtoto alikosa, akaadhibiwa, akabadilika. Mbona hujamwonyesha mahali?"

Hakupandisha sauti. Aliendelea kumkuna ng'ombe shingoni.

"Serikali ilimsamehe, madam. Lakini ile ng'ombe haikuwa ya serikali."

Nilikuwa nimekuja kwa hasira, nikaondoka pale zizini kwa huzuni tu.

Kijana alinisindikiza. Nikamuuliza swali nililotumwa nalo, ingawa lilinitia aibu: je, mradi ulimsaidia?

"Sana, madam. Baba akinionyesha mahali leo, kesho naanza msingi."

Akanipeleka nyuma ya jiko kunionyesha mawe aliyoyachonga mwenyewe na kuyapanga vizuri. Nyasi zilikuwa zimeota katikati yake.