Shina Likae Ndani

Mabati yakipigwa na jua hulia ta! ta!, utadhani kuna mtu juu anarusha vijiwe. Juzi fundi alikuwa akinitengenezea dari, mabati yakaanza kulia, nami nikasahau kumkaripia kwa misumari aliyoipinda. Kimawazo nilikuwa nimesharudi kwenye nyumba yetu ya Isiolo, kando ya barabara ya Ngaremara, nikiwa na miaka tisa.

Tulikuwa watatu: Mama, mimi Kendi na mdogo wangu Koome aliyekuwa bado ananyonya. Baba alikuwa ametuacha duniani. Nyumba ilikuwa mabati juu mpaka chini, na Mama, mzaliwa wa Meru kwenye baridi, aliogopa wezi kuliko joto, akaziba hata madirisha. Looh! Saa saba mchana ungeoka mkate mle ndani. Koome alitoka vipele shingo nzima, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Na wezi walikuja vilevile. Asubuhi moja tukakuta mbuzi wetu wawili hawapo. Mjomba, kaka yake Mama, akapiga simu: "Jumamosi nakuja kuwachukua. Hapo si mahali pa mwanamke peke yake."

"Njoo basi," Mama akasema, akakata simu. Kisha akanitazama. "Hatuendi popote."

Nilinuna kwelikweli. Kwa Nyanya huko Meru kulikuwa na ndizi na mvua, hapa kulikuwa na nini?

Jirani yetu Mama Guyo, Mborana mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, alikuja kutupa pole. "Salaam aleikum, Mama Kendi," akasema, halafu akaona lango letu akashika kiuno. Ua wetu ulikuwa wa miiba, na mlango wake tawi moja kubwa la mgunga. Mama, aliyezoea mageti ya mbao, alikuwa akiliweka shina lielekee barabarani na miiba ielekee kwetu.

"Wewe umempa mwizi mpini!" Mama Guyo akacheka mpaka akafuta machozi. "Shina likae ndani. Ukivuta wewe, miiba inaziba. Wa nje atashika nini?"

Mama hakucheka. Alichukua panga. Siku nne yeye na Mama Guyo walikata miiba na kuuongeza ua, mikono ya Mama ikachanika, na nilipomwambia apumzike akanijibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akabandua mabati madirishani. Mama Guyo akaleta mikeka ya nyumba yake ya zamani, maana kwao nyumba ni kazi ya wanawake, wakaifunga chini ya paa kwa kamba za katani. Koome akalala mchana kwa mara ya kwanza.

Jumamosi Mjomba akafika jua likiwa utosini. Akalishika lile tawi, akaruka nyuma akinyonya kidole. "Hodi! Fungueni bwana!" Mama alimwacha aite mara tatu huku anamalizia chai yake. Mjomba alikuja na hotuba ndefu, lakini alikula, akaketi chini ya mikeka, upepo ukapita dirishani, na kabla hotuba haijafika katikati alikuwa anakoroma, Koome kifuani. Alipoamka saa kumi alitazama dari kwa muda. "Mkishindwa mtapiga simu," akasema, akaenda zake peke yake.

Nililia kwa hasira. Wiki nzima nilimwona Mama mkaidi, tena mwenye roho mbaya.

Miaka mingi baadaye tulienda Meru kumzika Nyanya. Baada ya mazishi wajomba wakatutembeza shambani, kila mmoja akionyesha mpaka wake: hapa kwangu, pale kwa fulani. Mama alifuata nyuma, mikono ameikunja. Tuliporudi uani, mke wa Mjomba akampangusia kiti cha wageni. Mama akakaa, akashukuru kwa adabu, pale pale alipozaliwa. Nikaweka chini kikombe changu cha chai. Kumbe Jumamosi ile tulikuwa tunaitwa kuwa wageni maisha yetu yote, na yeye peke yake ndiye aliyejua.

Nikamshika mkono. "Mama," nikamwambia, "twende nyumbani."