Baba na Vitabu vya Jalada la Kaki

Mama alipofariki tulimleta Baba kutoka Ukambani akae kwangu Waithaka. Dada yangu wa Kinoo alimletea redio, akaona wajibu wake umekwisha. Baba alikula, alioga, alisema asante. Zaidi ya hapo, kimya. Niliogopa, haki ya Mungu. Nimeona wazee wakiwafuata wake zao hivyo hivyo, bila kuugua, kwa kunyamaza tu.

Mimi dawa ninayoijua ni moja: vitabu. Basi kila Jumamosi nilishuka mjini nikachakura kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara. Nilianza na cha upelelezi. Baba alikisoma, akakirudisha mezani. "Muuaji ni daktari," akasema. Asante sana, mimi nilikuwa bado katikati! Nikaleta kile kinachofundisha watu kufanikiwa kwa kuamka alfajiri. Mtu aliyekamua ng'ombe alfajiri maisha yake yote! Alikitazama kwa huruma. Mashairi nayo aliyageuzageuza, akauliza kama siku hizi karatasi ni ya bure, maana wameacha nafasi tupu namna hiyo. Nilikasirika, ila nilifurahi pia, kwa sababu hayo ndiyo yalikuwa maneno yake mengi zaidi tangu aje.

Sasa, kwetu kitabu bila jalada la kaki, ile karatasi ya kahawia, ni kitabu kilicho uchi. Tulivifunika hivyo kila shule zikifunguliwa, na mpaka leo sijaacha. Vitabu vyangu vyote vimevaa sare, ukivipanga mezani hujui kipi ni kipi. Asubuhi moja, mbio za kwenda kazini, nikamwachia Baba kimoja nikijua ni cha ufugaji wa kuku. Mchana nikiwa hapo Adams Arcade ninapokula, nikafungua mkoba. Kuku hao kitabuni mwao, wametulia.

Wueh! Kumbe nilimwachia riwaya ya mume na mke wanaozeeka pamoja, na karibu na mwisho mke anakufa. Mimi mwenyewe niliililia, na mume wangu yuko hai, anakoroma hapo kando. Chakula kilinishinda. Nikasema kazini kwamba kichwa kinaniuma, nikarudi nyumbani.

Baba alikuwa uani, kitabu mapajani, kidole ndani ya kurasa.

"Baba, samahani, hicho si chako. Chukua hiki cha kuku."

"Huyu mama atakufa," alisema. "Sivyo?"

Uso wangu huu haujui kuficha kitu.

"Nilijua tu. Ameanza kukohoa na hataki mzee asikie. Mama yako naye alikuwa anaenda kukoholea jikoni. Alifikiri mimi ni kiziwi."

Akaongea. Akaongea mpaka giza likatukuta hapo uani: jinsi Mama alivyokataa kuolewa naye mwanzoni, jinsi alivyokuwa akimgombeza kwa kutia matope nyumbani. Tangu tumzike hatukuwa tumemtaja. Mimi nililia kama mtoto, na yeye, ala, alikuwa anacheka.

Baadaye nikanyoosha mkono nichukue kile kitabu nikakifiche. Alikivuta kwake.

"Wacha," akasema. "Nimefika pale huyu mama anapochambua maharagwe. Sisongi mbele tena. Wacha achambue."