Mchezo wa Mbwa Mwitu na Ulezi wa Mtoto

Jamani, kuku wamemaliza ulezi wa uji wa Neema, na baba yake alikuwepo!

Nilimwacha aulinde mkekani. Narudi na maji, yuko ndani anacheza gemu la mtu anayegeuka mbwa mwitu.

"Mama Neema, gemu lenyewe bovu! Mbwa mwitu gani anakimbia kama mbuzi mwenye mimba?"

Eti nimpe pole.

Nikampa ungo. "Toka nje, upepete uliobaki ndani."

"Mchana huu? Majirani watanionaje?"

"Vizuri tu, jua linawaka."

Sasa yuko uani, vumbi mpaka kwenye kope. Wanawake wa Malangali wote wamepata safari ya kupita hapa.

Nimekuwa mkatili? Semeni.

Mama yake kafika sasa hivi. Nikajua leo nimepatikana.

Kamtazama mwanawe, kaniletea kigoda nikae.