Daraja Lazima Liwe na Tumbo

Siku ya kwanza kazini nilifika karakana ya madaraja, Arusha mjini, nimevaa suruali ya kaka yangu na kitenge juu yake ili nisisemwe njiani. Fomeni akanitazama toka juu hadi chini.

"Wa kupika chai tumeshapata," akasema.

"Shikamoo, fomeni. Nimekuja kubeba kokoto."

Nikabeba. Mwaka wa pili nilikuwa nashika spana, na fomeni yule yule ndiye aliyenifundisha. Kazi yetu ilikuwa madaraja ya kuning'inia, ya waenda kwa miguu, juu ya mito inayoshuka kutoka Mlima Meru. Unachimba shimo kila ng'ambo, unamwaga zege zito tuliloliita nanga, unafunga nyaya nene za chuma kwenye nanga hizo, kisha unapanga mbao. Ugumu uko kwenye nyaya. Lazima katikati zishuke kidogo, na mshuko huo tuliuita tumbo. "Waya ukinyooka unang'oa nanga," fomeni alituambia kila asubuhi, hata tukachoka kumsikia. "Acha tumbo!"

La kwanza tulilijenga juu ya mto Tengeru, na wakulima wa kahawa na ndizi wanalipita hadi leo. La pili lilikuwa upande wa Kisongo, juu ya korongo. Hapo ndipo nilipokosea, na sitamsingizia mtu.

Fomeni alikuwa amelazwa, nikaachiwa kazi. Siku moja kabla ya uzinduzi alikuja Bwana Mhandisi, mkubwa wa fomeni, na wazee wa kijiji wakamlalamikia kwamba daraja limelegea, wageni watatucheka.

"Kaza," akaniamuru.

"Bwana Mhandisi, tumbo..."

"Kwani wewe ni mhandisi?"

Nikanyamaza. Nikakaza mpaka mbao zikanyooka, wazee wakapiga makofi.

Kesho yake kwaya ya usharika ikatangulia kuvuka, ikiimba na kukanyaga kwa pamoja. Nanga ya ng'ambo ikateleza, daraja likalala ubavu. Mwalimu wa kwaya alivunjika mguu, na mpaka leo anachechemea. Nikikutana naye sokoni Kwa Mrombo hunisalimia kwa furaha, nami huona aibu ile ile. Bwana Mhandisi alihamishwa. Mimi nilibaki, nikaapa kwamba sitanyamaza tena. Mabosi wote waliofuata waliniita mkaidi, na hawakukosea.

Sasa nimestaafu, nalima migomba hatua chache kutoka lile daraja la kwanza. Mwezi uliopita nikamkuta mhandisi kijana ameinama kwenye nanga, spana mkononi.

"Shikamoo, mama. Daraja limechoka hili, limelegea mno. Nalikaza."

"Marahaba. Hulikazi."

"Samahani, mama, una cheo gani?"

"Sina. Nilipokuwa nacho nilinyamaza, mtu akavunjika mguu."

Nikamsimulia ya Kisongo, mguu wangu ukiwa juu ya nati aliyotaka kuigusa. Nikamwambia apime tumbo, kisha afukue aione nanga. Sitamnyima sifa yake: alipima, akafukua. Nanga haikuwa imesogea hata kidogo. Miaka yote hiyo, masika kwa masika!

"Lakini ripoti yangu imeshasema likazwe," akasema kwa sauti ya chini.

"Basi kaandike nyingine."

Alikwenda kuiandika. Spana yake nilibaki nayo, iko nyuma ya mlango wangu. Watakayemtuma tena kuja kukaza, aanzie hapa kwangu kuiomba.