Jirani Alipopewa Macho Mekundu

Jumamosi iliyopita asubuhi yote nilikuwa mezani nakata makaratasi ya mchezo, na nakwambia ukweli, rafiki yangu, sijawahi kuandaa mchezo kwa raha namna ile. Chai ilipoa, nikaipasha, ikapoa tena. Hapa kwangu Kambarage, Shinyanga mjini, tunakutana kila Jumamosi alasiri, watu wazima na akili zetu, tunacheza hadithi. Naongoza mimi: nasimulia mahali na hatari iliyopo, na kila mchezaji anakuwa mtu fulani humo ndani. Akifika penye hatari namuuliza, "Unafanyaje?" Akishasema, anarusha simbi, zile kauri ndogo za baharini. Zikilala kifudifudi, kapona; zikifunua vinywa, imekula kwake. Wengine huchezea dadu, na wabaki nazo. Mimi nina simbi za bibi.

Siku moja kabla, Ijumaa, muuguzi, mchezaji wetu mmoja, alinipigia simu. "Dada, kesho nakuja na baba mkwe. Tangu ahamie kwetu anashinda anaangalia ukuta. Mtafutie nafasi hata ndogo." Nikamwambia karibuni sana. Maskini, hakujua. Mimi nilishajua siku nyingi kaolewa kwenye boma gani, nikanyamaza tu, nikisubiri.

Maana mchezo huu sikujifunza mjini. Tulikuwa tunaucheza kwa bibi, kijijini, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, msimu wa kukata michembe. Viazi vilimwagwa uani kama kichuguu, nasi wajukuu tukavizunguka na visu, tukikata vipande vyembamba vya kuanika juu ya majabali. Kazi ile inachosha, usiombe! Vidole vinanata utomvu, mgongo unauma, inzi wanakutambaa usoni. Basi bibi, akiwa jikoni anachochea mavi makavu ya ng'ombe, maana kuni zilikuwa za kutafuta kwa tochi, alianza kutugawia watu. Wewe mrina asali. Wewe mchimba dhahabu wa Geita. Mimi kila siku mchunga ng'ombe. Anasimulia, anauliza, unajibu huku unakata. Kisu kikisimama, zamu imekupita. Viazi viliisha bila sisi kujua, halafu tunakula matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga, moshi umetuingia mpaka kwenye nywele.

Tukilalamika kwamba katuua haraka, alikuwa akisema, "Kwangu hakuna anayeliwa na fisi kabla sijamuuliza anafanyaje." Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake kubwa.

Ng'ambo ya ua wa minyaa aliishi jirani. Mtu wa kuchungulia. Siku moja alisimama pale ua ulipoachana, akasikiliza bibi anavyosimulia: "Fisi yuko zizini, anamtaka ndama. Mchungaji, unafanyaje?" Nikasema nampiga kwa fimbo. Nikarusha simbi, zikafunua vinywa vyote. Tukacheka mpaka machozi, ndama wetu wa hadithi ameliwa.

Usiku ule fisi alichukua ndama wa jirani. Ndama wa kweli.

Asubuhi jirani alipiga yowe, kijiji kizima kikajaa uani kwetu. "Nimemsikia kwa masikio yangu anamtuma fisi! Anarusha simbi, anafundisha watoto! Na tazameni macho yake, ya mchawi!" Macho ya bibi yalikuwa mekundu, ndiyo. Na ya mama mzazi wa jirani je? Yalikuwa mekundu vilevile, sote tulipikia mavi ya ng'ombe! Lakini hakuna aliyethubutu kusema. Wakaamua atengwe: asipewe moto, asichote maji na wenzake, asisalimiwe. Na katika wote wale, hakuna hata mmoja aliyemgeukia bibi akamuuliza neno. Alisimama na mwiko mkononi, akingoja aulizwe.

Mjomba alikuja kumchukua, akampeleka Nkome, ziwani. Huko bibi aligeuza dagaa mchangani mpaka nguvu zikaisha. Mchezo hakuucheza tena. Simbi alinipa mimi, zimefungwa kwenye kipande cha kitenge. Kazikwa hukohuko, mbali na babu.

Sasa unaelewa kwa nini nilikata yale makaratasi taratibu. Nilichora kijiji chenye ua wa minyaa, majabali na zizi. Muuguzi nikampa uenyekiti wa kijiji, wengine wanakijiji wenye hasira. Karatasi ya mwisho niliiandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote: bibi kizee, mjane, macho mekundu. Nikachemsha na michembe, nikaitia karanga, nikataka harufu impokee mlangoni. Nilitaka aulizwe mbele za watu, ajibu.

Akaja na mkongojo wake, jirani yule yule wa ng'ambo ya ua. "Shikamoo," nikasema, nikamvutia kiti. "Marahaba, mwanangu," akajibu kwa furaha. Hakunijua. Akala michembe, akasifia, akashukuru kwa Kisukuma, wabeja. Nikampa karatasi yake, mkwewe akamsomea, akacheka. Nikasimulia: ndama kaliwa, kijiji kimejaa uani kwako, wanasema macho yako ni ya mchawi. Kisha nikamuuliza ninavyouliza wote, "Unafanyaje?"

Hakufikiri hata kidogo. "Ah, nawaambia ukweli. Huu ni moshi! Sisi wote tunapikia mavi ya ng'ombe, hata mama yangu macho yake yalikuwa hivi hivi."

"Kumbe ulikuwa unajua," nikasema.

Wenzangu wakacheka, wakidhani ni mchezo. Yeye kicheko kilimkatika. Alitazama simbi, akazitazama tena, halafu ndipo akanitazama mimi.

Ua ule wa minyaa umeshang'olewa, majabali yetu yamepasuliwa kokoto, na uani kwa bibi wamefunga mashine ya kusaga. Watoto wa siku hizi hawaijui hata michembe, wanauliza kama ni ganda la mti. Ningelilia yote hayo siku nyingine. Siku ile jirani alinyoosha mkono, achukue simbi arushe, aone kama atapona. Nikazifunika kwa kiganja.

"Wewe umeulizwa," nikamwambia. "Inatosha. Bibi hakupewa hata hilo."